Usajili ninaoutamani Pittsburgh kabla miaka ya Paul Skenes haijatuponyoka

Tarehe 12 Novemba 2025 ilitangazwa kwamba Paul Skenes wa Pittsburgh Pirates, klabu ya besiboli ya Marekani, ameshinda tuzo ya Cy Young, inayotolewa kila mwaka kwa mrushaji bora wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu ya besiboli, na kwamba waandishi wote 30 waliopiga kura walimweka nafasi ya kwanza bila hata mmoja kwenda kinyume. Katika msimu wa 2025 kijana huyu wa miaka 23 aliruhusu wastani wa mikimbio 1.97 (ndizo alama za besiboli, bila kuhesabu zile zinazotokana na makosa ya walinzi) kwa kila awamu 9, ambazo ndizo urefu wa kawaida wa mchezo, akawatoa wapigaji 216 kwa straiki tatu, na baada ya kazi yote hiyo akaandikiwa michezo 10 ya ushindi na 10 ya kushindwa. Mrushaji asiye na mpinzani katika ligi nzima amegawana nusu kwa nusu ushindi na kushindwa, kwa sababu wenzake hawakuweza kumpatia mikimbio ya kutosha. Niliipokea tuzo ile kwa furaha kubwa, na tangu siku hiyo hadi ninapoandika haya, mwezi huo huo wa Novemba 2025, sijaacha kufikiria usajili, kwa kuwa klabu yenye mchezaji wa namna hii haina haki ya kupitisha majira ya baridi ikiwa imekunja mikono.

Wasomaji waliokulia kwenye soka, kama nilivyokulia mimi, wamfikirie kipa anayedaka kila kitu huku washambuliaji wake wakimaliza mwezi bila bao. Tarehe 18 Mei, mjini Philadelphia, Skenes alirusha mchezo mzima peke yake, awamu 8 kwa kuwa wenyeji waliokuwa mbele hawakuhitaji kupiga ya tisa, akaruhusu mkimbio mmoja tu, na Pirates wakafungwa 1-0. Kurusha mchezo mzima ni jambo ambalo siku hizi halionekani mara nyingi, kwani makocha huwatoa warushaji mapema ili kulinda mikono yao. Kijana alifanya kazi ambayo katika klabu yenye wapigaji ingemletea ushindi na shangwe, lakini yeye aliandikiwa kushindwa. Siku hiyo haikuwa ya pekee. Mashabiki wa hapa wamezoea kujua, kufikia awamu ya sita, kwamba mkimbio mmoja wa wapinzani unatosha kuumaliza mchezo wetu.

Takwimu za timu zinaeleza jambo hilo hilo kwa ukali zaidi. Katika michezo 162 Pirates walipata mikimbio 583, idadi ndogo kuliko ya timu nyingine yoyote kati ya 30 za Ligi Kuu. Homurani, yaani mapigo yanayovusha mpira nje ya ukuta na kumrudisha mpigaji nyumbani kwa mwendo wa starehe, walipiga 117, nazo pia zilikuwa chache kuliko za timu nyingine zote. Cal Raleigh, mdakaji wa Seattle Mariners, alipiga 60 peke yake, zaidi ya nusu ya zile zilizopigwa na kikosi chetu kizima. Aliyeongoza kwetu ni Oneil Cruz mwenye homurani 20, na bado wastani wake wa kupiga ulikuwa .200, maana yake alifanikiwa mara mbili katika kila majaribio kumi. Bryan Reynolds, ambaye kwa miaka kadhaa ndiye aliyekuwa nguzo yetu, alishuka hadi .245. Upande wa warushaji, kwa upande mwingine, unafaa kuonewa wivu: Mitch Keller anaaminika kwa kujitokeza kila zamu yake inapofika, Bubba Chandler aliingia mwezi Agosti akirusha kwa kasi inayowatia hofu wapigaji wazoefu, Braxton Ashcraft na Mike Burrows wameonyesha kwamba wanaliweza daraja hili, na Jared Jones anauguza kiwiko alichofanyiwa upasuaji mwezi Mei. Tulimaliza kwa kushinda 71 na kupoteza 91, tukiwa wa mwisho katika kundi letu.

Haraka yangu inatokana na kalenda. Kanuni za besiboli humfunga mchezaji kwa klabu iliyomlea hadi atimize miaka sita ya utumishi katika Ligi Kuu. Skenes aliingia Mei 2024, lakini kwa kushinda tuzo ya mchezaji bora mpya alihesabiwa mwaka mzima, na kwa hiyo atakuwa mchezaji huru baada ya msimu wa 2029. Hiyo ni misimu minne kwenye karatasi. Mwaka 2025 mshahara wake ulikuwa dola 875,000, na hata mwaka 2026 bado hatafikia haki ya usuluhishi wa mishahara, ambako malipo ya wachezaji bora hupanda kwa mamilioni kila mwaka. Kila dola ambayo klabu haimlipi leo ni dola inayoweza kumlipa mpigaji wa kumsaidia, na nafasi hiyo itapungua kila mwaka unaopita. Kuna pia jambo ambalo wengi hawataki kulitaja: mkataba wa pamoja kati ya wamiliki na chama cha wachezaji unakwisha tarehe 1 Desemba 2026, na iwapo wamiliki watafunga milango ili kushinikiza ukomo wa mishahara, msimu wa 2027 unaweza kuanza kwa kuchelewa au kupunguzwa. Anayesema tusubiri hadi 2027 anatuomba tuweke matumaini yetu mahali ambapo hakuna anayejua patakuwaje.

Sasa nieleze ninachokitamani. Kwanza nataka mpigaji wa mkono wa kushoto mwenye nguvu, na sababu yake iko kwenye umbo la uwanja wenyewe. PNC Park, uliofunguliwa mwaka 2001 kando ya Mto Allegheny, ni mgumu kwa wapigaji wa mkono wa kulia, kwa kuwa upande wa kushoto kuelekea katikati ukuta unarudi nyuma hadi futi 410 na mipira inayopigwa vizuri huishia mikononi mwa walinzi. Upande wa kulia ni hadithi nyingine: mstari wake una futi 320 tu, na ingawa ukuta umeinuliwa futi 21 kwa heshima ya jezi namba 21 ya Roberto Clemente, nyota wetu wa zamani, mpigaji wa kushoto mwenye nguvu anaweza kuupeleka mpira hadi mtoni. Klabu iliyorithi uwanja wa namna hiyo ilipaswa kuwa imejaza wapigaji wa kushoto tangu zamani.

Jina la kwanza kwenye orodha yangu ni Kyle Schwarber. Alipiga homurani 56 kwa Philadelphia, akaongoza Ligi ya Taifa kwa kuingiza mikimbio 132, na usiku mmoja mwezi Agosti alipiga homurani nne katika mchezo mmoja dhidi ya Atlanta. Najua atatimiza miaka 33 mwezi Machi, najua hachezi ulinzi, na najua Philadelphia hawatamwacha kirahisi. Najua pia kwamba bei yake itapita dola milioni 100, ilhali kufikia Novemba 2025 mkataba mkubwa kuliko yote katika historia ya Pirates ulikuwa ule wa Reynolds wa mwaka 2023, wa dola milioni 106.75 kwa miaka minane. Basi rekodi hiyo na ivunjwe. Klabu haiwezi kudai kwamba inataka ubingwa huku ikiuchukulia mkataba wa Reynolds kuwa dari isiyoguswa, wakati Los Angeles Dodgers, waliotwaa ubingwa wao wa pili mfululizo Novemba 2025, hulipa zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka mmoja kwa kikosi chao.

Hapa pananigusa moyoni, kwa sababu Schwarber angekuja kuchukua nafasi ya mpigaji maalumu, yaani anayepiga tu bila kucheza ulinzi, na msimu wa 2025 nafasi hiyo ilikuwa ya Andrew McCutchen. Mtu huyu ndiye aliyetutoa gizani. Baada ya misimu 20 mfululizo ya kupoteza zaidi ya kushinda, kuanzia 1993 hadi 2012, yeye ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa Ligi ya Taifa mwaka 2013, mwaka ambao tulirudi kwenye mtoano. Aliuzwa San Francisco mwaka 2018, akarejea 2023, na sijawahi kuona uwanja ukimshangilia mtu kwa namna ile. Lakini ana miaka 39 na alipiga homurani 13. Ninamtaka arudi, ninamtaka avae jezi yetu hadi siku anayostaafu, na wakati huo huo ninataka awe mchezaji wa akiba anayeingia dhidi ya warushaji wa kushoto, badala ya kuwa tegemeo la kati la safu ya wapigaji. Kumpenda mzee wetu hakutuzuii kumtafutia msaidizi.

Asipopatikana Schwarber, wapo wengine. Munetaka Murakami ana miaka 25 tu, anapiga kwa mkono wa kushoto, na mwaka 2022 alipiga homurani 56 kwa Yakult Swallows, idadi ambayo hakuna mchezaji mzaliwa wa Japani aliyekuwa ameifikia kwa msimu mmoja katika ligi ya huko. Ana kasoro inayojulikana, kwamba hukosa mpira mara nyingi mno, na dhidi ya kasi ya warushaji wa Marekani kasoro hiyo inaweza kuzidi. Hata hivyo umri wake unalingana na wa Skenes, na hatari ya namna hiyo ndiyo ambayo klabu ndogo inapaswa kuikubali, kwa kuwa klabu kubwa zikishajiridhisha na mchezaji hazituachii nafasi. Jorge Polanco, aliyepiga homurani 26 kwa Seattle na kupiga pigo lililoimaliza Detroit katika awamu ya 15 kwenye mtoano, anapiga kwa mikono yote miwili na Novemba 2025 alikuwa huru. Ryan O'Hearn, aliyeteuliwa kwa mara ya kwanza kwenye mchezo wa nyota mwaka huu, anapiga kwa kushoto na hatagharimu pesa za kutisha. Josh Naylor ningependa kumtaja pia, lakini Seattle wameshamrudisha kwa dola milioni 92.5 kwa miaka mitano, jambo linaloonyesha kwamba wanaojua wanachokitaka hawakungoja Desemba.

Njia ya pili ni kubadilishana wachezaji, na hapo ndipo Pirates wana mali. Kati ya vilabu vya Ligi Kuu hakuna ada ya uhamisho kama ya soka. Klabu hupeana watu kwa watu, na bidhaa inayotafutwa na kila klabu ni mrushaji mchanga au mrushaji mwenye mkataba wa bei nafuu. Sisi tunao wa aina zote mbili. Boston Red Sox wana wachezaji wa uwanja wa nje kuliko nafasi walizonazo: Roman Anthony, Wilyer Abreu, Ceddanne Rafaela na Jarren Duran. Ningempeleka Keller, ambaye mkataba wake wa dola milioni 77 unaendelea hadi 2028, pamoja na mmoja wa warushaji vijana nje ya Skenes na Chandler, nimpate Duran. Huyu anapiga kwa kushoto, ana mbio, mwaka 2024 aliongoza Ligi ya Amerika kwa mapigo 48 ya vituo viwili, yaani yanayomfikisha mpigaji kituo cha pili kwa mkupuo mmoja, na akawa mchezaji bora wa mchezo wa nyota, na atabaki chini ya klabu hadi 2028. Kumwachia Keller kunaniuma, kwani ameitumikia klabu hii katika miaka mibaya bila kulalamika. Lakini mpango wowote ambao haumpi mtu maumivu yoyote, kwa kawaida haubadilishi chochote. Tampa Bay nao, kufikia Novemba 2025, walikuwa na Brandon Lowe, mlinzi wa kituo cha pili aliyepiga homurani 31 mwaka huu kwa mkono wa kushoto, akiwa amebakiwa na mwaka mmoja wa mkataba; kwa klabu hiyo, ambayo huuza kabla mkataba haujaisha, mrushaji mmoja mchanga huenda akatosha.

Najua jibu la waoga, na wana mfano wa kulishika. Tarehe 31 Julai 2018 Pirates walifanya jambo la ujasiri, wakamchukua mrushaji Chris Archer kutoka Tampa Bay, na wakamtoa Tyler Glasnow, Austin Meadows na Shane Baz. Archer hakuwahi kuwa yule tuliyemtarajia. Glasnow alikuwa kilimani, pale anaposimama mrushaji, Novemba 2025 akiwasaidia Dodgers kutwaa ubingwa. Jeraha lile bado linauma mjini hapa, na nadhani limewafanya viongozi wa klabu wakiogope kila kitu chenye uzito. Ila nikilichunguza, kosa la siku ile naliona katika hesabu. Walitoa vijana wenye vipaji vya juu kabisa kumpata mchezaji ambaye thamani yake ilikuwa imeanza kushuka, tena walipokuwa na timu ya kawaida isiyo na mtu kama Skenes. Leo tunachotoa ni ziada, na tunachohitaji kinaonekana na kila mtu.

Miezi sita kabla ya Archer, Januari 2018, kulikuwa na tendo jingine, la hofu hasa. Gerrit Cole, mrushaji tuliyemchagua wa kwanza katika rasimu ya 2011, ambako vilabu huchagua chipukizi kwa zamu, alipelekwa Houston kabla mkataba wake haujawa ghali. Mwaka 2019 akawatoa wapigaji 326 huko, kisha New York Yankees wakampa dola milioni 324. Skenes naye alichaguliwa wa kwanza, mwaka 2023. Sitaki kuiona njia ile ikipitwa tena, na kila msimu tunaomaliza nafasi ya mwisho unaisogeza karibu zaidi siku ambayo klabu itasema kwamba busara ni kumuuza.

Kwa wanaodhani kwamba mji mdogo hauwezi, nawaelekeza Kansas City. Mwaka 2023 Royals walipoteza michezo 106. Majira ya baridi yaliyofuata walitumia zaidi ya dola milioni 100 kuwasajili wachezaji huru, miongoni mwao warushaji Seth Lugo na Michael Wacha, kisha wakampa Bobby Witt Jr. mkataba wa miaka 11 wenye thamani ya dola milioni 288.7. Mwaka 2024 walishinda michezo 86, wakaingia kwenye mtoano, wakawatoa Baltimore. Kansas City ni mji usio na utajiri kuupita wetu. Walikuwa na nyota mmoja kijana, wakaamua kumzungushia watu, na wakafanya hivyo mara moja bila kusubiri vijana wengine wakomae.

Jambo moja lisiguswe: Konnor Griffin. Kijana huyu kutoka Mississippi, aliyekuwa na miaka 19 mwaka 2025, alipanda ngazi tatu za ligi ndogo katika mwaka wake wa kwanza, akapiga wastani wa .333 akiwa na homurani 21 na vituo 65 alivyoiba, yaani alivyovikimbilia bila kusubiri mpira upigwe, na wachambuzi wengi wanamhesabu kuwa chipukizi bora wa nchi nzima. Kila klabu itamtaja kwanza kwenye mazungumzo, na Ben Cherington, meneja mkuu wetu, aseme hapana kila mara. Ila asimgeuze Griffin kuwa kisingizio cha kutosajili. Kumkabidhi mvulana mzigo wa kuliokoa shambulio lote mwezi Aprili ni kumtendea vibaya.

Kuhusu warushaji wa kufunga mchezo sina mengi. David Bednar aliuzwa kwa Yankees mwezi Julai, nafasi yake iko wazi, na watu wa kazi hiyo hupatikana kwa bei ya wastani kila mwaka. Kituo cha tatu kinanitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa tangu Ke'Bryan Hayes apelekwe Cincinnati hatujapata mtu wa kudumu pale mwenye kupiga.

Nilianza kuifuata klabu hii kwa sababu ya ujasiri wake wa zamani, na ndugu zangu wa Afrika Mashariki wanaokesha kutazama mechi zetu zinazoanza saa saba na dakika arobaini usiku kwa saa zao wanaujua upande mmoja wa habari hiyo. Tarehe 26 Aprili 2017 Gift Ngoepe, aliyekulia katika jengo la klabu ya besiboli huko Randburg, Afrika Kusini, alikuwa mchezaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika kucheza Ligi Kuu, akiwa na jezi ya Pirates, na katika jaribio lake la kwanza aliupiga vizuri mpira wa Jon Lester, mrushaji wa Chicago Cubs, akafika kituo cha kwanza. Upande wa pili ni wa tarehe 1 Septemba 1971, siku ambayo kocha Danny Murtaugh alipanga wachezaji tisa, wote weusi na Walatino, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika Ligi Kuu. Walikuwemo Clemente, Willie Stargell, Manny Sanguillén na Dock Ellis. Walishinda mchezo ule 10-7, na mwezi uliofuata wakatwaa ubingwa wa dunia. Ubingwa wetu wa mwisho ni wa 1979, na mtoano wetu wa mwisho ni wa 2015, tuliposhinda michezo 98 na kutolewa na Cubs katika mchezo mmoja tu.

Bob Nutting, aliyeshika umiliki mkuu mwaka 2007, hajawahi kukaa na mrushaji wa kiwango hiki kwa bei ya chini namna hii, na Cherington, aliyeajiriwa Novemba 2019, kufikia 2025 hakuwa amemaliza hapa Pittsburgh msimu hata mmoja akiwa ameshinda zaidi ya alivyopoteza. Mikutano ya majira ya baridi inafanyika Orlando kuanzia tarehe 7 hadi 10 Desemba 2025, na muda wa Murakami wa kujadiliana na vilabu unakwisha tarehe 22. Ninaomba kufikia tarehe hiyo wawe wamesajili mpigaji mmoja mkubwa wa mkono wa kushoto kwa pesa, wawe wamempata mwingine kwa kubadilishana warushaji, na wawe wamemwekea Skenes mezani mkataba mrefu wa aina aliyopewa Witt, hata kama ataukataa.